Pacha Anayefuta Unachofuta

Jumapili. Manyunyu tangu alfajiri, adhuhuri jua likatoka.

Mwanangu, umenipigia ukaniambia ofisini kwenu Lindi mmefunga kadi inayoandika kila kitu kwenye diski mbili, kwa hiyo hakuna cha kupotea. Nakujibu hapa kwa maandishi. Shule yangu iliishia darasa la saba, sipendi kujitia ujuzi. Ila nakumbuka siku moja, nilipokuwa binti, nikifanya kazi studio ya Kaka Hashimu hapa Kivinje.

Naye alichomeka kadi ya namna hiyo ndani ya kompyuta, na diski mbili zikaunganishwa nayo. Moja ikifa, mwenzake anaendelea na kazi. Hilo ni kweli, kadi haikutudanganya hata mara moja.

Siku hiyo nafasi ilijaa, na video ya harusi inangoja. Nikafuta sauti ya Bi Salima wa Pande, aliyoirekodi mjukuu wake akatuletea tuitie kwenye CD, bibi akitaja majina ya wazee wa ukoo wao. Nikajiambia, nafuta kwenye diski hii, pacha wake anayo. Kuuliza si ujinga, lakini sikuuliza. Kumbe yule pacha hufuata tu: ukiandika anaandika, ukifuta anafuta, papo hapo. Nami nilikuwa nimeshamwaga video ya harusi pale ilipokuwa sauti ya bibi, haikurudishika tena.

Nikanyamaza siku nne. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mjukuu alipokuja kuchukua CD yake, nikalia mbele yake. Kaka Hashimu hakunifukuza. Pengine alipaswa kunieleza kadi ile inavyofanya. Pengine alinieleza nami sikusikiliza. Siwezi kuapa. Alisema tu, "Kufuta umeteleza. Kunyamaza umekusudia. Kesho nenda Pande, ukamwambie mwenyewe."

Nikaenda na mjukuu, naye kabeba kinasa sauti chake. Bibi alikuwa kitandani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Ndiye huyu aliyenifuta?"

Nikainamisha uso. Akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe mashine nayo inasahau? Basi si mimi peke yangu. Kaa, mama. Washa hicho kidude."

Akaanza upya. Majina saba akayapata. La nane akalitafuta, macho darini, vidole vikihesabu juu ya shuka.

"Juzi nilikuwa nalo," akasema. "Homa hii imelichukua." Hakusema kwa ubaya. Akanishika mkono, akarudia yale saba.

Mwanangu, diski mbili zinazoigana hukulinda na diski iliyokufa. Hazikulindi na mkono wako mwenyewe. Weka nakala nyingine mbali, mahali kosa lako lisipofika. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kabla anayeweza kukusaidia hajasahau. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na safari ile halikuumia tumbo langu peke yangu. Kama mitambo ya sasa ni mingine, nisahihishe, sitakasirika.

Mungu akupe mkono wenye subira na ulimi usiochelewa, akuzungushie watu wa kukusamehe kama nilivyozungushiwa mimi.

Jioni tumekula ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi. Baba yako ameongeza mara mbili.