Aliyewekwa Nyuma

Usiku ule nililala hemani nikiwa na kijiba cha roho, na sitaki kukificha. Tulikuwa kambini, katikati ya msitu wa hifadhi, na wageni saba waliokuja kutembea hadi maporomoko ya juu. Wote saba, kutwa nzima, Rehema, Rehema. Rehema, huu mti gani? Rehema, ndege gani yule anayelia? Mimi Athumani, niliyezaliwa chini ya mlima huu, hakuna aliyeniuliza hata choo kiko wapi.

Huku kwetu wanaoongoza wageni huwa wawili. Mmoja anatangulia, anaonyesha njia na kusimulia. Mwingine anakaa nyuma kabisa, anahesabu watu kila kivuko, na jioni ya kuamkia safari anapanda peke yake kukagua njia. Aliyeianza kazi hii ni babu yangu mzaa mama. Kabla hajafa alituita wawili sisi, akasema Rehema atangulie, mimi nikae nyuma. Rehema! Aliyekuja kambini kupika maharage! Damu yake ni mimi, lakini mbele akampa mtu baki. Mwaka wa tatu sasa, na roho inaniuma vilevile.

Basi jioni ile nilipanda kukagua. Pale juu ya maporomoko kuna gogo la kuvukia, na kamba ya kushikia. Kamba ilikuwa imelika, zimebaki nyuzi mbili tatu tu. Nikashuka. Wakati wa kula Rehema akaniuliza mbele ya wageni, "Kaka Athu, huko juu kukoje?"

"Shwari," nikamjibu.

Sikutaka mtu afe, wallahi. Nilitaka tu afike pale na wageni wake, kamba imkatikie mkononi, aumbuke. Ndivyo wivu ulivyokuwa umenipumbaza. Nikaingia hemani nikavuta blanketi.

Mara nikamwona babu amekaa kwenye jiwe nje ya hema, mchana kweupe, amevaa viatu vyangu. Alikuwa akimenya muhogo wa kuchoma. Kipande cha kwanza akampa Rehema. Lo, hata ndotoni! Nikanyoosha mkono na mimi, naye akanitazama tu, akajifuta majivu vidoleni.

"Unataka mbele?" akaniuliza.

"Nataka, babu."

"Haya, tangulia."

Na hapo hapo tuko njiani. Natangulia. Wageni wananifuata, nami nasimulia, maneno yananitoka matamu, sijui nimeyatoa wapi. Wanacheka. Babu yuko nyuma kabisa, mahali pangu, na Rehema yumo katikati kama mgeni. Furaha niliyokuwa nayo, jamani! Sigeuki hata mara moja. Maporomoko yako mbele yetu, maji yanaanguka lakini hayatoi sauti. Nakanyaga gogo, nashika kamba, navuka. Nasimama ng'ambo, nageuka niwaambie wapige picha.

Yuko babu peke yake.

"Wako wapi?" nauliza.

"Hesabu."

"Babu, wenzetu wako wapi?"

"Hesabu, Athumani. Si ndiyo kazi yako?"

Namnyooshea kidole, nasema mmoja. Anatikisa kichwa polepole, wala hana hasira.

"Mimi usinihesabu."

Nikaamka shati limelowa jasho. Nje kulikuwa kumekucha, wageni wanafunga viatu, Rehema anamimina chai. Nilitoka pekupeku. Nikasema pale pale mbele ya wote, maana nilijijua, nikimvuta pembeni nitatunga uongo mwingine.

"Dada Rehema, tusiende juu. Kamba ya kwenye gogo imelika, itakatika."

"Umejuaje?"

"Niliiona jana."

Akaliweka birika chini. "Jana nilikuuliza, kaka Athu."

"Uliniuliza."

"Na wa kwanza kuvuka ni mimi."

Nilisubiri anitukane, na laiti angenitukana ningepata pa kushikia, ningemjibu, tungegombana yakaisha. Badala yake akawatazama wageni, vikombe mikononi mwao. Mwishowe akawaambia kwamba leo tutaishia maporomoko ya chini, nayo ni mazuri, wataogelea. Kisha akanigeukia.

"Leo tangulia wewe," akasema. "Nyuma nitakaa mimi."

Nikavaa viatu, nikatangulia. Njia nzima hakuna aliyeniuliza jina la mti. Nyuma nilimsikia Rehema akihesabu watu kwa sauti, mmoja hadi saba, halafu anaanza tena.