Jeshi Langu la Kokwa

Chekeni tu, lakini mniache nimalize. Pale shuleni kwetu Ilomba tulikuwa na mchezo wa vita. Kambi mbili zilikusanya kokwa za parachichi, na kokwa moja ilikuwa askari mmoja. Kila Ijumaa kokwa zilihesabiwa, na aliyeleta askari wengi kuliko wote akawa jemadari wa wiki. Ujemadari niliutaka kuliko cheti cha darasa la saba.

Wenzangu walipekua majalala. Mimi, bingwa wa njia za mkato, niliona rundo limeanikwa nyuma ya ofisi ya walimu. Nikajiambia, hizi zimetupwa. Nikazoa zote, nikakaa kuzichonga alama ya kambi yetu kwa wembe. Maji yake yaligeuza viganja vyangu rangi ya kutu. Nikasugua kwa majivu, wapi!

“Ugwe! Wewe, umezitoa wapi?” rafiki yangu Asajile aliuliza.

“Jemadari hatoi siri.”

Ijumaa asubuhi, mstarini, mwalimu wa kilimo alisimama amenuna. Kokwa alizoandaa kwa kitalu cha shule zilikuwa zimeibwa.

“Mwizi huyo tumfanyeje?”

Nikawaza, nikitoa hukumu kali, nani atanishuku? Nikanyoosha mkono juu kabisa.

“Mwalimu, apande miche yote peke yake, na maji achote mtoni!”

Mwalimu hakunitazama usoni. Alitazama kiganja changu.

“Hukumu nimeipokea,” akasema. “Sasa shusha mkono, mwanangu. Shule nzima imeshauona.”