Kuku Aliyeiwasha Kwaya

Mama Uwizeye, mkulima wa maharagwe hapa Kashuga, ndiye aliyetunza makanzu ya kwaya. Kuku wake kipenzi, Malaika, alizoea kutagia ndani ya kikapu cha makanzu hayo, naye hakuwa na moyo wa kumfukuza.

Jumapili moja, katikati ya wimbo, akina mama wa soprano wakaanza kujikuna. Wanaume wa besi wakafuata. Mchungaji akafurahi.

"Roho Mutakatifu iko natembea!"

"Hapana, Papa Pasta," Uwizeye akajibu, mkono ungali kwapani. "Hii njo chawa ya kuku yangu."

Kanisa likaangua kicheko. Baada ya ibada kwaya nzima ikamfuata nyumbani. Akafunua manyoya ya Malaika chini ya mkia: ngozi ilikuwa nyekundu, na vidudu vidogo vilikimbia huku na huku.

"Dada, tumuchinje tu," akasema Dorothée, kiongozi wa kwaya.

Uwizeye akamkumbatia kuku wake, akakataa katakata. Alichoma nyasi za kiota kile cha kikapuni, akachemsha makanzu, akamwekea Malaika beseni la majivu makavu ajigaragaze kila siku. Wiki ya tatu ngozi ilikuwa imepona. Makanzu, lakini, sasa yanakaa kwa Dorothée.