Picha ya Mgongo

Juzi nilikuwa kwenye studio ya picha hapa mtaani Pasua, nikisubiri picha za pasipoti. Mpiga picha ni binti asiyefikisha mwaka kazini. Akaingia mama mtu mzima kutoka Old Moshi, kufuata picha aliyopigwa shambani kwake.

"Shikamoo, mama," binti akamsalimu, akampa picha kubwa.

"Marahaba."

Picha ilimwonyesha kwa nyuma, akipanda kilima kati ya migomba, mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani.

"Uso wangu uko wapi?"

"Sikuupiga, mama. Nilitaka huo mgongo."

Mwenye studio alitoka chumba cha ndani, akaomba radhi haraka, akamwambia binti akarudie, na safari hii apige watu kama watu. Binti akanyoosha mkono aichukue picha.

Mama hakuiachia. "Wanangu wamekua wakiutazama mgongo huu," alisema taratibu. "Mimi ndiyo kwanza nauona leo." Akaifunga kwenye kitenge, akaondoka.

Nilimuuliza binti kama anazo nyingine za namna hiyo. Akavuta droo iliyojaa picha za migongo.

"Ile ndiyo ya kwanza kuondoka na mtu," akasema.

Huwa tunasema watu wa huku hawaelewi sanaa. Nadhani hatujawahi kuwauliza wenye migongo.