Namba Tisa wa Asumani

Nakumbuka mchana mmoja wa miaka ya vita ambao mdomo wangu ulinitangulia, na mpaka leo naona haya nikiuwaza. Nauandika kwa sababu jana, mwanangu, nilisoma maneno yako kwenye simu, katika kundi lenu la wapenzi wa michezo ya zamani. Mtu mmoja aliuliza nani ana vipuri vya mashine yake ya kijivu, ile ya kuchezea mpira kwenye televisheni. Ukamjibu kwamba mashine hiyo haina kesho, na anayeing'ang'ania ni mjinga. Wenzako wakacheka. Aliyeuliza hakuandika tena.

Basi nisikilize kidogo. Mimi pia nilikuwa hodari wa kuchekesha watu.

Siku zile treni haikufika tena Kindu, mji wetu wa Kongo, na mtaani kwetu Mikelenge mashine ya namna hiyo ilikuwa moja tu, ya Mama Aziza, mjane mwenye televisheni ndogo na jenereta iliyokohoa kuliko kunguruma. Chumba hakikutosha. Wengi walibaki uani, na kazi yangu ilikuwa kuwatangazia mechi wasiyoiona. Nilikuwa na sauti nzuri, nasema kweli, ila kiburi kilikuwa kikubwa zaidi. Watu walinifurahia sana nilipomdhihaki mchezaji, kwa hiyo nikawa nadhihaki.

Mchana huo aliketi Asumani, kijana aliyerudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Kama. Alicheza ovyo. Kila mpira alimpa namba tisa, hata namba tisa akiwa amezingirwa na watu watatu, na kila mara alinyang'anywa. Nikapaza sauti, "Asumani ameoa namba tisa, hawezi kumuacha." Uani wakaangua kicheko. Nikaongeza chumvi. Asumani akaweka maneti, kile kishikio cha kuchezea, chini taratibu, akatoka bila kuniangalia.

Mama Aziza akazima jenereta. Hakuwahi kukatiza mechi, hata risasi ziliposikika ng'ambo ya mto.

"Weye unajua kusoma," akaniambia. "Mbona haukusoma jina ya ule namba tisa? Asumani aliandika pale Ramazani. Ule njo kaka yake mukubwa. Walimuua mu njia ya Kama, hata kaburi haiko. Sasa anamupatia mupira, afunge. Na weye unachekesha watu."

Nilitamani ardhi inimeze. Jina lile nilikuwa nimeliona kwenye kioo cha televisheni mara nyingi, na sikuwahi kuuliza ni la nani. Macho yangu yalikuwa kwenye mpira, siyo kwa mtu aliyeshika maneti.

Kesho yake nilikwenda kwao Asumani kumwomba radhi. Nilipomaliza nikasimama niondoke.

"Nitarudi kucheza," akasema. "Lakini umuite na jina yake."

Akarudi kweli. Siku hiyo sikutaja namba. Ramazani anapokea, Ramazani anageuka, Ramazani ananyang'anywa, pole Ramazani, jaribu tena. Uani hakucheka mtu. Mpira ulipoingia nililitoa jina lile kwa pumzi yangu yote, na watu wa uani wakalipokea. Asumani alikuwa analia.

"Rudilia, kaka," akaniambia. "Mama yetu iko inje. Asikie."

Nikarudia mpaka sauti ikakauka.

Mwanangu, sijui kama mashine zile zina kesho. Pengine hazina, na ninyi bishaneni mpendavyo, ubishi wenu ni mtamu na mimi huusoma kwa siri. Lakini kabla ya kumcheka mtu kwa kitu anachokishikilia, muulize kwanza anashikilia nini. Mwandikie leo, siyo mbele ya kundi, ninyi wawili tu. Umwombe radhi, kisha umsikilize bila haraka.

Mungu akulainishie ulimi, akuongezee siku. Na siku utakapokuwa hupo, akupe watu watakaolitaja jina lako kwa sauti, wakiona raha kulitaja.