Simu ya Sebuleni na Kompyuta ya Baba Yako

Nakumbuka adhuhuri moja nyumba yetu ya mtaani Kuze ilivyokuwa kimya kupita kiasi. Umenikumbusha wewe, mwanangu, ulipojifungia chumbani na kompyuta, ukazima simu, ukasema usisumbuliwe mpaka soko lifungwe. Wewe unamjua baba yako kuwa mtu wa maneno machache. Mimi shangazi yako nilimjua alipokuwa akisema kushinda redio.

Miaka ya tisini ilikuwa ikielekea mwisho. Baba yako alirudi kutoka Dubai na kompyuta, na ndani yake programu ya kununua na kuuza dhahabu kwa wakala wa ng'ambo. Bei zilimfikia kwa laini ya simu, nazo zilikokota miguu. Akibonyeza kununua, bei imeshapita. Basi akaanza kuirekebisha. Aliiongezea mashine kumbukumbu, akafuta michezo, akafuta hata nyimbo za harusi alizokuwa akipenda mama yetu, nyanya yako. Kila alichokiondoa, mashine ilipata wepesi kidogo, naye akatafuta kingine cha kuondoa. Alikuwa hodari, sitamnyima haki yake.

Ikabaki simu ya sebuleni. Ilikuwa kwenye laini hiyo hiyo, na mama alizoea kuinyanyua bila kuuliza, amsalimu dada yake wa Malindi. Akiinyanyua tu, kompyuta inakatika huko juu, na baba yako anateremka ngazi akifoka. Kisha fundi mmoja akamwambia kuwa simu ya pili, mbali na ile iliyokuwa juu kando ya kompyuta, huidhoofisha laini. Akaing'oa ya sebuleni, akaitia kabatini. Bi Zena, jirani yetu, ambaye mwanawe aliyeko Maskati alikuwa akimpigia kwetu, alimwambia kwa upole, "Simu hino si yako peke yako, mwanangu." Baba yako akacheka, akasema atairudisha hivi karibuni. Hakuirudisha.

Halafu mama akapasuliwa tumbo. Damu yake ilikuwa ya nadra, na kati yetu sote ni baba yako tu aliyefanana naye damu. Hospitalini walimwambia akae karibu na simu, kwani huenda wakamhitaji. Asubuhi ile aliniahidi kuwa ataizima kompyuta mapema. Lakini bei ikaanza kupanda, na kwa mara ya kwanza programu ikaenda kama alivyotaka. Nilipompelekea chai nilimkuta anatabasamu. Nikashuka jikoni kumpikia mama uji wa kumpelekea jioni, nikidhani mwenzangu ameshazima. Chini hapakuwa na simu ya kuinyanyua nikajua kuwa laini bado imeshikwa.

Alasiri mlango ukabishwa. Alikuwa muuguzi mmoja akaaye mtaa wa pili, Kibokoni, ametoka zamu akapitia kwetu mbio. Alisema wamepiga tangu adhuhuri, na laini kila mara ina mtu. Baba yako alitoka miguu mitupu. Alipofika hospitalini alikuwa ameshakunja mkono wa shati, tayari kutolewa damu, lakini mama alikuwa ameshafunikwa shuka.

Matangani nilimtolea kaka yangu kila neno lililokuwa kifuani mwangu, mbele za watu. Bi Zena akanishika mkono, akanivuta jikoni.

"Rukia, tumemzika mmoja," akaniambia. "Usimzike na wa pili."

Nilibaki huko jikoni kwa heshima yake tu, moyoni sikukubali. Kumsamehe kulinichukua miaka, na yeye hajajisamehe hadi leo. Kompyuta aliibeba mwenyewe mpaka jaani Kibarani. Simu aliirudisha sebuleni. Wewe na wenzako mnamcheka kuwa hupokea simu kabla haijalia sawasawa. Sasa umejua sababu.

Fanya biashara yako, mwanangu, na mashine yako uitie mbio upendavyo. Ila kabla hujaondoa kitu ili iende kasi, jiulize ni nani aliyekuwa akikufikia kwa kitu hicho. Na mwenzako akikosea kosa lisilorudi nyuma, usimwongezee uzito, maana anao wa kumtosha. Mungu akupe riziki ya halali, akuepushe na majuto yasiyo na dawa, na siku utakayoitwa akujaalie uwe unasikia. Amina.

Haya, washa simu yako. Baba yako anakutafuta tangu asubuhi.