Kabla ya Maka, Fundi Juma Amkabili Mjane

Saa moja asubuhi, kwenye ukingo wa mto Kongo mjini Kisangani, Papa Juma Ramazani anachokoa pamba iliyooza kutoka kwenye nyufa za baleinière, mashua kubwa ya mbao inayopeleka watu na mizigo Isangi. Lazima aitoe yote, ndipo asindilie mpya na kupaka lami. Kesho saa tano ndege inamchukua uwanja wa Bangboka, mwanzo wa safari ya Hija.

Nimekuja kumhoji, nikitegemea kumkuta mtu mwenye furaha. Wapi! Tangu jana hajala.

Ana miaka sitini na moja, na kazi hii ameifanya tangu ujana. Wiki nzuri humpa faranga laki moja, fedha isiyomfikisha Maka hata ndotoni. Safari imelipwa na binti yake Djamila, muuza vitenge. Lakini kuna jambo ambalo binti hawezi kumfanyia: kuomba radhi kwa kila aliyemkosea. Hija, anaeleza Juma, humsafisha mtu dhambi zilizo kati yake na Mungu. Haki ya binadamu mwenzako hubaki palepale mpaka mwenyewe akuachilie.

Basi Jumatatu alizunguka mtaa wake wa Kabondo mlango kwa mlango, kwa Waislamu na kwa Wakristo, akisema kama nilikukosea nisamehe. Watu walimjibu kwa kicheko na kumwagiza tende. Hata Mama Lydie, mjane anayeuza samaki wa kukaushwa, alisema amesamehe, akamfungia samaki wawili wa njiani.

Ukarimu huo ndio uliomnyima usingizi.

Miaka tisa iliyopita Lambert, mume wa Lydie, alimletea baleinière yake azibe nyufa upya. Kesho yake ilikuwa Idi. Juma akaona uvivu kuchokoa, akapaka lami mpya juu ya pamba iliyooza, akamwambia Lambert kazi imekamilika. Karibu na Yanonge mashua ilijaa maji. Lambert hakupatikana. Mjini wakasema alizidisha mizigo, na Juma akanyamaza. Msibani alikula na kulia pamoja nao.

Juzi alimwuliza imamu wake kama radhi ya Jumatatu inatosha. Imamu alitaka kujua kwanza alimwambia nini huyo mama. Aliposikia, akasema asiyejua anasamehe nini hajasamehe kitu.

Saa tatu Juma ananawa lami, na tunaongozana hadi kwenye meza ya Lydie, mbele ya nyumba yake. Anakataa kiti. Anasimulia yote, na hamsingizii shetani. Lydie anaendelea kupanga samaki, halafu mikono inasimama.

"Miaka tisa nilikuwa namukasirikia Lambert," anasema polepole. "Nilisema ni tamaa yake ya muzigo iliniacha na batoto ine. Kumbe ni weye."

Juma ameinamisha kichwa.

"Ile samaha ya Jumatatu, papa, unirudishie."

"Nimerudisha, mama."

Lydie anafunika samaki wake na kuingia ndani.

Njiani namwuliza Juma kama bado atasafiri. Anasema atakwenda, maana kubaki hakumfufui Lambert. Imamu amemwambia Hija yake itasihi, ila haki ya mjane itabaki shingoni mwake. Akirudi, ataanzia Yanonge kwa ukoo wa marehemu, aseme mbele yao kwa mdomo wake mwenyewe, na watakaloamua atalipokea. Anaogopa, na hafichi.

Kuna jambo jingine, ambalo ameshamwagiza Djamila awaambie watakaokuja kumpokea uwanjani, kwa sababu hapa anayetoka Maka huitwa Hadji mpaka anazikwa.

"Mutu asiniite Hadji," anasema. "Aanze Mama Lydie. Kama yeye haniite, bon, nitakufa Juma."